MALI BILA DAFTARI: KOMPYUTA NA SIMU KATIKA BIASHARA ZETU

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wafanyabiashara na wafanyakazi wa madukani, baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



 



Nilipoambiwa mada niliyopewa, nilijua kuna watu watauliza: mwezi wa Qur'an na toba, mambo ya kompyuta yametoka wapi? Jawabu ni jepesi. Lifikapo kumi la mwisho, wakati ambao ingefaa tuwe msikitini tukiutafuta usiku wa Lailatul Qadr, wengi wetu tuko madukani. Kuna nguo za Idi, viatu vya watoto, mapazia, tende, unga wa mahamri. Pesa zinazompitia kijana wa dukani katika siku hizo kumi pengine hazimpitii katika miezi mitatu mingine. Na siku hizi nyingi hazipiti mkononi kabisa, zapita kwenye simu. Basi dhulma ikitokea, na wizi ukitokea, na mtu akisingiziwa, mara nyingi hutokea wakati huu huu tumefunga. Hiyo ndiyo sababu.

Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo si la wazee peke yao. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an si aya ya swala, wala ya saumu, wala ya Hija. Ni aya ya deni na maandishi, aya ya 282 ya Suratul Baqarah. Ndani yake twafundishwa kwamba deni la muda maalumu liandikwe. Mwandishi aandike kwa uadilifu. Anayedaiwa ndiye aseme kinachoandikwa, na akiwa hajiwezi basi msimamizi wake aseme kwa niaba yake. Wawepo mashahidi. Tusichoke kuandika, likiwa dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono hakuna ubaya kutoiandika, lakini tuweke mashahidi tunapouziana. Halafu kuna kipande watu hukipita mbio: mwandishi asidhuriwe, na shahidi asidhuriwe. Kishike hicho, nitakirudia.

Kwa hivyo mtu akikwambia kompyuta dukani ni mambo ya wazungu, mwambie kuandika kumeamrishwa zamani, kilichobadilika ni kalamu.

Na hao wazungu wenyewe, mwajua kompyuta ya kwanza kutumiwa kwa kazi za kawaida za biashara ilianzia wapi? Haikuwa benki. Walikuwa ni wauza chai na keki! Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza ilikuwa na migahawa ya chai zaidi ya 200, na kila siku mikate na keki zinaoka, zinapakiwa, zinasambazwa, nyingine zinarudi hazikuuzwa. Faida ya keki moja ni senti chache tu. Ukikosea hesabu ya keki moja, umekosea ya maelfu. Mwaka 1947 wakapeleka watu wawili Marekani kwenda kutazama kazi za ofisi zinavyofanywa huko, na huko wakasikia habari za mashine hizi mpya za kukokotoa. Waliporudi, kampuni ikakisaidia chuo kikuu cha Cambridge kwa pesa katika mashine iliyokuwa ikijengwa pale, kisha ikajijengea yake yenyewe, ikaiita LEO. Novemba 1951 ikaanza kazi ya kupiga hesabu za thamani ya vitu vya kuoka. Baadaye ikafanya mishahara, na maagizo ya kila mgahawa.

Hapo kwenye maagizo ndipo ninapopapenda mimi. Hawakumtaka mama msimamizi wa mgahawa aagize upya kila kitu kila siku. Kila mgahawa ulikuwa na orodha yake ya kawaida, na yeye alipiga simu kusema tofauti tu: leo niongezeeni hiki, nipunguzieni kile. Mtu aliyetunga utaratibu huo alikuwa anaijua kazi ya mgahawa kabla hajaijua mashine. Kampuni ile ilikuwa na watu wa kuchunguza namna kazi za ofisi zinavyokwenda miaka mingi kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Sasa njoo kwetu. Kijana amemaliza kozi yake ya kompyuta, ana cheti, anamwendea babake dukani: "Baba, tununue sistimu." Mzee ana daftari lake la jalada jeusi, na wadeni wake wote anawajua kwa kichwa, na nani hulipa mwisho wa mwezi na nani mpaka umfuate kwake nyumbani. Kijana anaona mzee amebaki nyuma. Mzee anaona mtoto anataka kumaliza pesa. Mashine inanunuliwa, inafunikwa kitambaa isiingie vumbi, na daftari jeusi linaendelea na kazi yake.

Tatizo liko wapi? Hakuna aliyeuliza: duka letu linaumwa wapi? Kuna duka linaloumwa na mzigo, bidhaa zinaingia na hazijulikani zimetokaje. Hilo lataka hesabu ya stoo. Kuna duka linaloumwa na madeni, nalo halihitaji mashine ya bei, lahitaji orodha safi ya wadeni na tarehe, na hiyo hata simu ya kawaida yaweza kuiweka. Kuna linaloumwa na ushuru. Tangu Januari 2024, gharama ambayo huna ankara yake ya eTIMS mamlaka ya ushuru, KRA, haikubali uipunguze katika hesabu ya kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Mwenye duka la jumla akikuuzia bila ankara hiyo, hasara ni yako. Huyo mgonjwa wa tatu hana hiari, dawa amepangiwa na serikali. Lakini wa kwanza na wa pili wana hiari, na wengi hununua dawa ya jirani.

Ukiingiza utaratibu mpya, usimnyang'anye mzee daftari lake. Yaende yote mawili, daftari na kompyuta, mwezi mzima au miwili, na kila jioni mlinganishe. Zikitofautiana, kaeni mtafute kwa nini. Utashangaa mara ngapi daftari litakuwa ndilo lenye haki.

Na tusisahau kwamba mara nyingine watu wenyewe huifundisha teknolojia kazi yake. M-Pesa mnayoiona leo, majaribio yake ya mwaka 2005 yalikusudiwa watu walipe mikopo midogo midogo. Waliopewa kuijaribu wakaitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na wengine kuweka pesa zao wanaposafiri ili wasinyang'anywe njiani. Safaricom ilipoizindua Machi 2007, ikaizindua kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Lipa na M-Pesa ya madukani ikaja 2013. Yaani mteja wa Kenya ndiye aliyewaonyesha wenye kampuni walichokuwa nacho mkononi!

HATARI ZA KAUNTA

Sasa tuje kwenye hatari. Na tuanze na zile ndogo ndogo za kaunta, maana ndizo zinazowamaliza watu wa Marikiti na Eastleigh, si wale wezi wa filamu.

Kuna ujumbe wa uongo. Mteja amenunua madira matatu, anakuonyesha simu yake: "Nishalipa, tazama." Ujumbe umeandikwa vizuri, una jina la duka, una kiasi. Ndugu yangu, ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Malipo ni yale yaliyofika kwako. Tazama simu ya duka, uone jina la mtumaji wa ujumbe huo, uone salio limeongezeka. Akikuharakisha, akakwambia ana mgonjwa kwenye gari, ndipo uende polepole zaidi.

Kuna "nimekutumia kimakosa." Mtu anakupigia analia, ati ametuma elfu tatu kwako badala ya kwa mamake, mrudishie. Hukupokea chochote ila ujumbe wa kutungwa, na wewe kwa huruma za Ramadhan unatoa zako. Huruma ni ibada, lakini ibada hii yataka utazame salio kwanza. Na kama kweli pesa imeingia kimakosa, mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni ya simu. Njia ipo, nawe hutokuwa umeizuia haki yake.

Na kuna wa tatu, mbaya kuliko hao: anayejifanya ni mfanyakazi wa kampuni ya simu, anakuuliza namba ya kitambulisho na namba ya siri "kurekebisha laini yako." Dakika chache baadaye simu yako haina mtandao kabisa. Laini imehamishwa kwenye kadi nyingine, na mwenye nayo sasa ni yeye. Simu ya duka ikikata mtandao ghafla na ya jirani inafanya kazi, usingoje, kimbia kwa wahusika saa hiyo hiyo.

Hayo ni ya mkora wa nje. Ya ndani ndiyo mazito. Hebu niwaulize waliopo hapa wanaofanya kazi dukani: namba ya siri ya simu ya duka wanaijua wangapi? Naona mwacheka. Tajiri anaijua, mtoto wa tajiri anaijua, karani anaijua, na kijana wa kubeba mizigo aliambiwa siku moja tajiri alipokuwa hospitali. Laini yenyewe imesajiliwa kwa jina la mpwa aliyekwenda Qatar kutafuta maisha. Kompyuta ya kaunta nayo ina jina moja la kuingilia, na neno la siri limebandikwa kwa karatasi juu ya kioo. Jioni zikipungua shilingi elfu nane, nani kazichukua? Hakuna ajuaye. Na asipojulikana, ndugu zangu, huchaguliwa. Huchaguliwa aliye mnyonge kuliko wote.

MASHINE ILIPOKUWA SHAHIDI

Nataka nikusimulie kisa kilichotokea Uingereza, nchi inayosifika kwa mahakama zake. Shirika la posta la huko lina vituo vidogo vidogo vingi, vinaendeshwa na watu wa kawaida walio na maduka, na wengi wao ni wenye asili ya Bara Hindi. Kuanzia 1999 vituo hivyo vikawekewa mfumo wa kompyuta wa hesabu unaoitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Kila jioni mwenye kituo afunge hesabu, na pesa iliyo kwenye droo ilingane na inayosemwa na kompyuta. Ikipungua, mkataba ulifasiriwa kwamba alipe yeye.

Basi zikaanza kupungua. Mtu anahesabu noti zake mara tatu, yuko sawa, mashine inasema zimekosekana pauni elfu moja. Kesho elfu mbili. Anapiga simu ya usaidizi. Wengi wameeleza waliambiwa kwamba ni wao tu wenye shida hiyo, wenzao wote wako salama. Wakatoa akiba zao kujaza pengo ambalo halikuwepo. Wengine wakauza nyumba. Wengine wakaogopa, wakatia sahihi kwamba hesabu ni sawa, na sahihi hiyo ikawa ndiyo kosa lao la jinai. Watu zaidi ya 900 walipatikana na hatia ya wizi, udanganyifu au hesabu za uongo, mpaka kufikia 2015. Mwaka 2010 mwanamke mmoja alipelekwa jela akiwa na mimba.

Na kumbe mfumo ulikuwa na kasoro. Waliokuwa na mamlaka upande wa kampuni waliweza hata kuingia kwenye hesabu za vituo kutoka mbali, jambo lililokanushwa miaka nenda miaka rudi. Wenye vituo 555 wakaungana wakaenda mahakamani, na Desemba 2019 jaji akaamua kwamba mfumo ule ulikuwa na makosa yaliyoweza kuleta upungufu. Mwaka 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, iliyotolewa Julai 2025, inasema watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa sababu ya jambo hili. Hukumu imefutwa, lakini aliyekufa akiitwa mwizi mtaani kwake, nani atamrudisha?

Sheria yao ilikuwa inachukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka uonyeshe vinginevyo. Muuza stempu wa kijijini angeonyeshaje? Hana ruhusa ya kuona ndani ya mashine. Mashine ikawa mwandishi, ikawa shahidi, ikawa na hakimu pia.

Sasa kirudie kile kipande cha aya nilichokwambia ukishike: mwandishi asidhuriwe, wala shahidi. Mara ngapi katika maduka yetu kijana amekatwa mshahara kwa sababu "sistimu imesema"? Bidhaa moja imeingizwa mara mbili kwenye orodha, ikaonekana kasha zima la sabuni limepotea. Stima imekatika katikati ya mauzo, risiti ikatoka na hesabu isiandikwe, au ikaandikwa mara mbili. Bei imebadilishwa kwenye kompyuta, na karatasi iliyo kwenye rafu haikubadilishwa. Haya yote hutokea, na yote humuangukia aliyesimama kaunta.

Kinga yake si ghali. Kila anayegusa mashine awe na jina lake na neno lake la siri, ili kila kitendo kijulikane ni cha nani. Hii humlinda tajiri na humlinda mfanyakazi, na mfanyakazi ndiye wa kuidai kabla ya mwingine yeyote. Jioni pesa zihesabiwe na watu wawili, mbele ya kila mmoja, na waandike kwenye karatasi walichokiona kabla ya kuangalia kompyuta inasema nini. Ikitofautiana, kwanza ipekuliwe mashine, kisha stoo, kisha ndipo aulizwe mtu, naye aulizwe kwa adabu. Na aliyepungukiwa asitie sahihi kwamba ni sawa ili yaishe. Aandike: nimehesabu hivi, mashine yasema hivi, tarehe, saa. Wale wa Uingereza walioweka maandishi yao wenyewe pembeni walikuwa na kitu cha kuonyesha siku ya haki.

NAKALA YA AKIBA

Hatari nyingine ni kupotea kwa kila kitu kwa mpigo. Hapa kuna kisa kinachochekesha kidogo.

Meli na makontena ya Maersk mwayajua, bandari ya Mombasa haipiti siku nyingi bila kuyaona. Tarehe 27 Juni 2017 kampuni hiyo kubwa iliamka ikakuta kompyuta zake zinazimika moja baada ya nyingine, duniani kote. Virusi vilivyopewa jina NotPetya vilikuwa vimepenya kupitia programu ya uhasibu inayotumiwa sana Ukraine. Malori yakajipanga nje ya bandari, makontena hayajulikani ya nani. Wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi na WhatsApp za simu zao binafsi. Mwenyekiti wao alisema baadaye kwamba iliwabidi waweke upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Hasara ilikisiwa kati ya dola milioni 250 na 300.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho bila hicho wasingeweza kufufuka haraka: nakala ya orodha inayotambulisha watumiaji na mashine zote za kampuni. Nakala hizo walikuwa nazo nyingi, lakini zote zimeunganishwa pamoja, kila moja ikiinakili nyenzake. Virusi vikazila zote. Ikabaki moja tu, ofisini kwao Ghana. Kwa nini? Kwa sababu stima ilikuwa imekatika! Mashine ilikuwa imezimika wakati ule, virusi havikuifikia. Mtandao wa pale ukawa mwembamba kuirusha, ikabidi ibebwe kwa mkono, mtu akasafiri nayo mpaka Nigeria, akampokeza mwenzake aliyeipeleka London kwa ndege. Kampuni ya mabilioni iliokolewa na ukosefu wa umeme wa Afrika Magharibi. Alhamdulillah hata kwa Kenya Power, mara moja moja.

Funzo la kisa hiki ni kwamba nakala iliyounganishwa na mashine wakati wote si nakala, ni mwili mmoja. Ukiugua mkono, unaugua mwili. Weka hesabu za duka kwenye flashi au diski ya nje, ichomoe, ipeleke nyumbani. Fanya hivyo kila wiki, na katika kumi la mwisho kila siku. Na mara moja kwa miezi kadhaa ijaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine, maana kuna watu wana nakala za miaka mitatu ambazo hazifunguki. Mwezi mmoja kabla ya mkasa huo, Mei 2017, virusi vingine, WannaCry, viliziingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kampuni ya Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho ya kuviziba tangu Machi. Waliokuwa wakibonyeza "baadaye, baadaye" ndio walioumia.

Usitegemee pia kwamba mtandao utakuwepo. Nyaya za chini ya bahari zilizotufikia 2009, ile ya TEAMS kutoka Fujairah mpaka hapa Mombasa na ile ya SEACOM, zimetufungulia dunia, lakini waya hukatika. Mei 2024 nyaya mbili zilikatika na Afrika Mashariki yote ikasota. Julai 2023 huduma za eCitizen zilishambuliwa na zikalala siku kadhaa. Duka lenye kitabu cha risiti za mkono kwenye droo huendelea kuuza.

Mtu atasema: mimi namtegemea Mwenyezi Mungu, Yeye ndiye mlinzi. Kweli. Lakini Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Tirmidhi, alipoulizwa na mtu kuhusu ngamia wake, amfunge na kutegemea au amwache na kutegemea, alimwelekeza amfunge kwanza. Neno la siri ni kamba ya ngamia.

Wezi nao wana kalenda. Februari 2016 benki kuu ya Bangladesh iliibiwa dola milioni 81 kupitia mtandao wa benki za dunia, na walioiba walitaka karibu bilioni moja. Walianza Alhamisi usiku, kwa sababu Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Dhaka walipokuja kushtuka, New York ilikuwa imefungwa kwa Jumapili, na Jumatatu Manila, ambako pesa zilikwenda, ilikuwa sikukuu ya Mwaka Mpya wa Wachina. Printa ya kuonyesha malipo ilikuwa imeharibiwa, na wafanyakazi wakadhani ni ubovu wa kawaida wa printa. Dola milioni 20 ziliokoka kwa sababu mwizi alikosea herufi za neno moja! Sasa jiulize duka lako siku mbili za Idi liko katika hali gani. Nani anatazama simu ya duka mkiwa kwenye baraza la Idi? Punguza salio kabla ya usiku wa Idi, pesa ziwe benki, na simu ibaki na mtu mmoja anayejulikana.

AMANA YA MTEJA

Hili nitalipitia kwa ufupi, ila ni zito mbele ya Allah. Namba ya simu ya mwanamke aliyekuja kununua buibui ni amana. Kijana akiichukua kwenye orodha ya malipo akaanza kumtumia jumbe za usiku, amefanya khiyana, na zaidi ya hapo amevunja sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu. Sheria hiyo ina meno. Septemba 2023 ofisi inayoisimamia ilitoza faini shule moja zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi, na ukumbi mmoja wa burudani wa Nairobi zaidi ya milioni moja kwa kutangaza picha ya mteja. Wenye maduka ya nguo mnaopiga picha wateja na kuweka kwenye kurasa zenu, mmewauliza?

Na laini ya duka isijiunge na kila huduma inayoletwa na ujumbe. Fuliza, iliyoanza 2019, inakopesha salio linapokwisha na kutoza ada kadiri deni linavyokaa. Kabla hujabonyeza kukubali, muulize mwanachuoni ni mkataba wa namna gani.

Maswali yalikuwa mengi baada ya mada, mpaka yakakaribiana na adhana ya Magharibi. Moja nimeona niliandike hapa. Aliuliza kijana wa makamo, mwenye duka: mwaka juzi alimkata mfanyakazi wake mshahara wa mwezi mzima na kumfukuza kwa upungufu wa stoo, na baadaye akagundua mzigo uliingizwa mara mbili kwenye kompyuta. Mfanyakazi keshaondoka mjini. Afanyeje, atoe sadaka kwa niaba yake?

Nilimjibu kwamba sadaka ni ya pale mwenye haki atakapokosekana baada ya kutafutwa kwa dhati, na huyu ana jina, ana kwao, na namba yake bado imo ndani ya simu ya duka. Amtafute. Mshahara aupeleke mzima, na waliosikia kwamba yule ni mwizi, jirani wa kushoto na jirani wa kulia na waliokuwa wakinywa kahawa pale barazani, awaambie kwa mdomo wake kwamba hakuiba. Akauliza, lini? Nikamwambia kabla ya kutoa Zakatul Fitr.